Kusikiliza Ubongo Bila Kuugusa: Jinsi Vipimo vya Sumaku ya Ubongo Vinavyochukuliwa na Kusafishwa



Kifafa ni miongoni mwa magonjwa ambayo jamii zetu huyazungumza kwa sauti ya chini. Familia nyingi bado huficha mgonjwa ndani, na wengine huamini kwamba ugonjwa huu umetumwa na mtu au unatokana na pepo. Wakati huohuo, habari zinatufikia za mashine za nchi za mbali zinazoweza kusikiliza ubongo wa mtu kutoka nje ya fuvu, bila sindano, bila kisu na bila mionzi, na kuonyesha mahali kifafa kinapoanzia. Kamati na wafadhili wanapenda kujua kama habari hizo ni za kweli, na kama mashine hizo zina maana yoyote kwa kazi tunayoifanya pamoja vijijini.

Katika toleo hili tumeona ni vyema kueleza kipimo kimoja cha aina hiyo, kinachojulikana kwa kifupi kama MEG. Tutaeleza kinapima nini, data zake zinarekodiwa vipi, kwa nini ni lazima zisafishwe kabla ya kusomwa, na mwisho tutazungumzia maana yake kwetu. Tutakaa zaidi kwenye suala la kusafisha, kwa sababu hapo ndipo ukweli wa kipimo hiki unapopatikana au kupotea.

Penye umeme pana sumaku

Ubongo hufanya kazi kwa mawasiliano ya seli za fahamu. Seli moja inapopokea ujumbe kutoka kwa nyingine, mkondo mdogo wa umeme hupita ndani yake. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kurekodi umeme huo kutoka kwenye kichwa cha binadamu, na mwaka 1929 alichapisha matokeo yake. Kipimo chake ndicho EEG tunayoifahamu leo, ambapo waya hubandikwa kichwani na mashine huchora mawimbi.

Kila mahali umeme unapopita, huzunguka na uga wa sumaku. Hii ni sheria ya maumbile, nayo ni kweli kwa waya wa taa kama ilivyo kweli kwa ubongo. Umeme wa ubongo unapopita kwenye fuvu na ngozi hutawanyika, kwa sababu mfupa haupitishi umeme vizuri. Uga wa sumaku hupita kwenye fuvu karibu bila kubadilika. Kwa hiyo anayepima sumaku anapata picha iliyovurugwa kidogo zaidi ya mahali umeme ulikoanzia. Hiyo ndiyo faida kuu ya MEG.

Tena, mabadiliko ya ubongo huonekana papo hapo, kwa kipimo cha sehemu moja ya elfu ya sekunde. Picha za MRI huonyesha umbo la ubongo vizuri sana, lakini haziwezi kufuata mwendo wa haraka kiasi hicho.

Sauti ndogo katikati ya makelele

Tatizo ni udogo wa sumaku hiyo. Seli moja haiwezi kusikika kabisa. Zinahitajika seli makumi ya maelfu, zilizopangwa kuelekea upande mmoja na kufanya kazi kwa wakati mmoja, ndipo kitu kionekane nje ya kichwa. Hata hapo, nguvu yake huwa takriban femtotesla 100. Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku, na femtotesla ni tesla moja iliyogawanywa mara milioni, kisha mara milioni tena, kisha mara elfu.

Ili kupata picha, tulinganishe na vitu tunavyovijua. Sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, ina nguvu ya mikrotesla 30 hadi 60 kufuatana na mahali. Hiyo ni mamia ya mamilioni ya mara kuliko ile ya ubongo. Moyo wa mgonjwa mwenyewe hutoa sumaku iliyo kubwa kuliko ya ubongo wake kwa mara mia moja au zaidi. Gari linalopita barabarani, lifti, nyaya za umeme ukutani na hata kiti cha chuma kinachosogezwa chumba cha pili, vyote vina sauti kubwa zaidi. Kupima ubongo katika hali hiyo ni sawa na kujaribu kumsikia mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga nafaka.

Mtu wa kwanza kufaulu alikuwa mwanafizikia David Cohen, aliyekuwa akifanya kazi Chicago, Marekani. Mwaka 1968 alitangaza kwamba amepima sumaku ya mawimbi ya ubongo kwa kutumia koili ya waya wa shaba yenye mizunguko milioni moja. Matokeo yalikuwa hafifu sana, na ilimbidi aongozwe na kipimo cha EEG kilichochukuliwa wakati uleule.

Hatua iliyofuata ilitokana na ugunduzi uliofanyika Uingereza. Mwaka 1962 Brian Josephson, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, alitabiri jinsi umeme unavyoweza kuvuka kizuizi chembamba kati ya metali mbili zilizopozwa hadi zisizuie umeme hata kidogo. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kutokana na wazo hilo wataalamu walitengeneza kihisio kiitwacho SQUID, chenye uwezo wa kutambua sumaku ndogo kuliko kifaa chochote kilichokuwapo. James Zimmerman alishirikiana na Cohen kukitumia, kwanza kwa moyo, na mwaka 1972 Cohen alitangaza kipimo cha ubongo kilichochukuliwa kwa kihisio kimoja tu cha aina hiyo.

Kwa kihisio kimoja ilibidi kupima sehemu moja ya kichwa, kusogeza, kisha kupima nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Helsinki, Ufini, walikuwa na mashine ya vihisio 122 iliyofunika kichwa chote kama kofia. Baadaye mashine za Ufini zilifikia vihisio 306, vilivyopangwa katika sehemu 102 kuzunguka kichwa. Katika kila sehemu kihisio kimoja hupima uga wenyewe, na viwili hupima tofauti ya uga kati ya nukta mbili zilizo karibu. Hivi viwili vina kazi maalumu. Kelele inayotoka mbali hufika karibu sawa kwenye nukta zote mbili, hivyo tofauti yake ni ndogo. Ubongo uko karibu, hivyo tofauti yake ni kubwa.

Chumba, mashine na maandalizi

Vihisio vya SQUID hufanya kazi vikiwa ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu hiyo hukaa ndani ya chombo kinachofanana kimaumbile na chupa kubwa ya chai, chenye kuta mbili na utupu katikati. Sehemu ya chini ya chombo imechongwa kwa umbo la kofia, na mgonjwa huketi au kulala akiingiza kichwa humo. Kwa sababu ya ukuta huo, vihisio hubaki umbali wa sentimita kadhaa kutoka kwenye ngozi.

Mashine yote iko ndani ya chumba maalumu. Kuta zake zina tabaka za aloi ya nikeli na chuma, ambayo huvuta sumaku ya nje na kuizungusha kando, pamoja na tabaka za alumini zinazozuia mabadiliko ya haraka. Mlango ni mzito na hufungwa kwa uangalifu. Kelele nyingi hukomea hapo nje, lakini si zote.

Kabla ya kuingia, mgonjwa huvua kila kitu chenye chuma: mkanda, saa, hereni, vibanio vya nywele, sidiria yenye waya, na nguo zenye zipu. Hata wanja na rangi nyingine za macho zinaweza kuwa na chembe za chuma. Mtaalamu humwuliza kuhusu meno yaliyozibwa na vifaa vilivyopandikizwa mwilini. Akiwa anahitaji pia picha ya MRI, ni busara MEG itangulie, kwa sababu sumaku kali ya MRI inaweza kuacha usumaku kwenye chuma cha meno.

Kisha koili ndogo hubandikwa kichwani, na umbo la kichwa huchorwa kwa kalamu maalumu inayotuma nafasi yake kwenye kompyuta. Koili hizo huiambia mashine kichwa kiko wapi ndani ya kofia wakati wote wa kipimo. Waya nyingine hubandikwa karibu na macho na kifuani. Hizi hazipimi ubongo. Kazi yake ni kuandika ni lini mgonjwa amepepesa macho na ni lini moyo umepiga, na tutaona umuhimu wake hapa chini.

Wakati wa kurekodi, mashine haitoi kitu chochote kuelekea mwilini. Inasikiliza tu. Mgonjwa wa kifafa mara nyingi huombwa alale kidogo sana usiku uliotangulia ili apate usingizi wakati wa kipimo, kwa kuwa dalili za kifafa hujitokeza zaidi usingizini. Mashine ya vihisio 306 inayosoma mara 1,000 kwa sekunde huandika namba 306,000 kila sekunde. Kwa dakika 20 hizo ni namba zaidi ya milioni 367. Humo ndani ubongo umo, lakini umechanganyika na mengine mengi.

Kusafisha hatua kwa hatua

Kila mama anayepepeta mchele anajua kwamba kazi ina pande mbili: kuondoa makapi, na kuhakikisha kwamba mchele hauruki pamoja nayo. Kusafisha data za MEG ni kupepeta kwa namna hiyo. Maabara hutofautiana, lakini hatua za kawaida ni hizi zifuatazo.

1. Kurekodi chumba kitupu. Kabla au baada ya mgonjwa, mashine hurekodi dakika chache bila mtu ndani. Hiyo humwonyesha mtaalamu kelele za siku hiyo zikiwa peke yake. Asiyeyajua makapi yake hawezi kuyatenganisha na nafaka.

2. Kutafuta vihisio vibovu. Kati ya mamia ya vihisio, baadhi huwa vimekufa na vingine hutoa mshindo usio na maana. Hivi huwekewa alama na kuachwa. Hatua hii haina fahari yoyote, lakini ikirukwa, hatua inayofuata inaweza kuchukua kelele ya kihisio kimoja na kuisambaza kwa vyote.

3. Kutenganisha ya ndani na ya nje. Mwaka 2005 Samu Taulu na Matti Kajola wa Ufini walichapisha njia ya kihesabu inayotumia sheria za sumaku zilizojulikana tangu karne ya 19. Kwa kuwa vihisio vinazunguka kichwa pande nyingi, inawezekana kukokotoa ni sehemu gani ya uga imetoka ndani ya kofia na ni ipi imetoka nje yake. Ya nje hutupwa. Mwaka 2006 njia hiyo iliongezwa uwezo wa kuondoa pia kelele zilizo karibu sana na kichwa, kama za chuma cha meno. Njia hiyohiyo, ikitumia taarifa za zile koili za kichwani, inaweza kurekebisha makosa yanayotokana na mgonjwa kusogea.

4. Kuchuja kwa kasi ya mawimbi. Umeme wa majumbani hapa Afrika Mashariki na Ulaya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na Marekani mara 60. Kelele yake hukaa kwenye kasi hiyohiyo, hivyo huweza kuondolewa kwa chujio jembamba. Mabadiliko ya polepole sana, kama ya gari linalopita mbali au kifua kinachopanda na kushuka, huondolewa kwa chujio jingine.

5. Kuondoa macho na moyo. Jicho ni kama betri ndogo. Mtu akipepesa au akigeuza macho, vihisio vya mbele huruka. Moyo nao hupiga zaidi ya mara moja kwa sekunde. Hapa hutumika njia ya kihesabu iliyopata umaarufu baada ya Aapo Hyvärinen na Erkki Oja, nao wa Ufini, kuchapisha mwaka 1997 namna ya kuifanya kwa haraka. Tufikirie kwaya inayoimba ukumbini na vinasa sauti vingi vimewekwa sehemu mbalimbali. Kila kinasa sauti kimepata mchanganyiko wa waimbaji wote, lakini si kwa kiasi kilekile. Kwa kulinganisha michanganyiko hiyo, kompyuta inaweza kumtenga kila mwimbaji. Kompyuta haisemi nani ni nani. Ni mtaalamu anayelinganisha sauti zilizotengwa na zile waya za macho na kifua. Sauti inayopanda kila mgonjwa anapopepesa huondolewa. Zinazobaki huunganishwa tena.

6. Kukata vipande na kutupa vilivyoharibika. Pale mgonjwa alipokohoa, alipokaza taya au aliposogea ghafla, kipande hicho huachwa.

7. Kuchukua wastani. Mtafiti anayempigia mtu mlio mmoja mara 100 na kuchukua wastani, hupunguza kelele isiyo na mpangilio mara 10, huku jibu la ubongo likibaki. Kwa kelele kupungua mara 10, milio huongezwa mara 100. Hii ndiyo sababu vipimo vingine huchukua muda mrefu na huhitaji uvumilivu wa mgonjwa.

Baadhi ya programu za kompyuta zinazofanya kazi hizi hutolewa bure, kama MNE-Python na FieldTrip, na yeyote anaweza kukagua namna zilivyoandikwa. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa njia ya kusafisha inayofichwa ni vigumu kuiamini.

Kusafisha kupita kiasi

Kila moja ya hatua hizi inaweza kuharibu. Chujio likiwa kali mno, huweza kuzua wimbi la uongo kabla ya tukio, kana kwamba ubongo ulijua mlio kabla haujapigwa. Sauti iliyodhaniwa kuwa ya jicho inaweza kuwa imebeba sehemu ya ubongo wa mbele, na ikitupwa, nafaka imetupwa pamoja na makapi. Kwa upande mwingine, pigo la moyo lisiloondolewa linaweza kuonekana kwenye baadhi ya vihisio kama kilele chenye ncha, na asiye na uzoefu akaliita kifafa. Hata mawimbi makali ya usingizi wa kawaida, ambayo kila mwenye afya anayo, yamewahi kuwachanganya wasomaji wa vipimo.

Gharama ya makosa hayo si ya karatasi tu. MEG hutumika hasa kwa wagonjwa ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia, takriban theluthi moja ya wenye kifafa. Baadhi yao wanaweza kupona kwa upasuaji wa kuondoa sehemu ndogo ya ubongo ambako degedege huanzia. Kati ya degedege moja na nyingine, sehemu hiyo hutoa vilele vikali vya muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtaalamu hutafuta vilele hivyo kwenye data zilizosafishwa, hukokotoa vimetoka wapi, na kuweka alama kwenye picha ya MRI ya mgonjwa huyohuyo. Daktari wa upasuaji huiangalia alama hiyo pamoja na vipimo vingine kabla ya kuamua.

Tena ukokotoaji huo wenyewe una mipaka. Mpangilio zaidi ya mmoja wa mikondo ndani ya ubongo unaweza kutoa uga uleule nje ya kichwa, hivyo mtaalamu hulazimika kuchagua kwa kuongozwa na anatomia na busara. Mikondo iliyo ndani sana ya ubongo husikika kidogo, na ile inayoelekea moja kwa moja nje ya fuvu karibu haisikiki kabisa. Kwa sababu hiyo MEG na EEG hutumika pamoja, maana kinachokosekana kwa kimoja huweza kuonekana kwa kingine.

Basi maabara nzuri hufanya mambo mawili. Hutunza data ghafi, yaani zile namba za mwanzo kabla hazijaguswa, bila kuzifuta. Na huandika kila kilichoondolewa, kwa njia gani na kwa sababu gani, ili mtu mwingine aweze kurudia kazi na kuona kama anafika palepale. Kamati zinazotunza stakabadhi za mradi zitaelewa jambo hili haraka. Hesabu safi ni ile ambayo kila kilichotolewa kimeandikwa, na mkaguzi anaweza kurudi nyuma hadi stakabadhi ya kwanza.

Vihisio vipya

Kwa miaka mingi MEG imebaki kwenye vituo vichache kwa sababu mashine za heliamu hugharimu mamilioni ya dola, na kofia yake ni ya ukubwa mmoja. Kichwa cha mtoto mdogo huelea ndani yake, mbali na vihisio, na mtoto haruhusiwi kusogea.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Mwaka 2018 watafiti wa Nottingham na London, Uingereza, walichapisha matokeo ya kofia inayovaliwa, yenye vihisio vidogo visivyohitaji heliamu. Ndani ya kila kihisio kuna chupa ndogo ya kioo yenye mvuke wa metali iitwayo rubidi. Mwanga wa leza hupita kwenye mvuke huo, na kiasi kinachotokea upande wa pili hubadilika kufuatana na sumaku iliyopo. Kwa kuwa hakuna ukuta wa chombo cha baridi, vihisio hukaribia ngozi na kusikia sauti kubwa zaidi. Katika jaribio hilo mtu aliyevaa kofia aliweza kutikisa kichwa, kunywa na kucheza mpira kwa kibao huku akipimwa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba kofia hiyo inaweza kutumika hata kwa mtoto wa miaka 2.

Lakini hata vihisio hivi vinahitaji chumba chenye kinga, pamoja na koili za ziada zinazofuta mabaki ya sumaku ya dunia, kwa sababu havifanyi kazi vizuri isipokuwa uga ukiwa karibu na sifuri. Na mtu anaposogea, kelele mpya huzaliwa. Mashine imekuwa nyepesi, ila kazi ya kupepeta imebaki palepale, na pengine imeongezeka.

Maana yake kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila degedege iwapo wangetambuliwa na kupewa dawa sahihi, na kwamba dawa hizo zinaweza kupatikana kwa gharama ndogo kama dola 5 za Marekani kwa mgonjwa kwa mwaka. Takriban robo ya visa vingeweza kuzuiwa.

Kwetu hili si jambo la mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mahali ambapo watu waliogopa kumshika mgonjwa wakiamini povu lake linaambukiza. Haliambukizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, pamoja na Ghana na Afrika Kusini, ulionyesha uhusiano wa kifafa cha degedege na maambukizi ya vimelea na matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo choo bora, nyama ya nguruwe iliyokaguliwa na kuiva, na huduma nzuri kwa mama anayejifungua ni sehemu ya vita dhidi ya kifafa.

Tena, kwa mgonjwa wa kijijini, utambuzi hauanzi na mashine. Huanza na maelezo ya mtu aliyeona degedege kwa macho yake: mama, mwalimu, au jirani aliyerekodi kwa simu. Kipimo cha EEG kikitoka safi hakimaanishi kwamba mtu hana kifafa, kwa kuwa ubongo unaweza kutulia katika dakika zile za kipimo.

Kwa msingi huo tunazishauri kamati zinazoahidiwa kifaa chochote cha kupima ubongo, hata EEG ndogo, zijiulize maswali haya kabla ya kukipokea:

- Nani amefunzwa kusoma majibu, na akihama nani atabaki?
- Chumba kitakachotumika kiko umbali gani na jenereta, transfoma na mashine nyingine?
- Data ghafi zitatunzwa wapi, na nani anaweza kuzikagua?
- Vifaa vinavyokwisha, kama waya na gundi ya kichwani, vitanunuliwa kwa fedha gani mwaka wa tatu?
- Na la msingi kuliko yote: mgonjwa akishatambuliwa, je, dawa yake ipo zahanati mwaka mzima?

Jibu la swali la mwisho likiwa ni hapana, basi fedha zianzie kwenye dawa. Kuacha dawa ghafla ni hatari, na mgonjwa aliyeanzishiwa kisha akakosa anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma.

Hatusemi hivyo kwa kudharau sayansi tuliyoieleza. Kila kilele kilichopatikana Helsinki, Nottingham au Boston kimeongeza ushahidi wa jambo ambalo wahamasishaji wetu wanalisema kila siku uwanjani: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, una mahali unapoanzia, na unatibika. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amelogwa ana haki ya kujua kwamba umeme huo umepimwa, umeandikwa kwa namba, na wataalamu wamepepeta kelele zote hadi chanzo kikaonekana. Tunaziomba kamati ziisome makala hii kwenye vikao vya jumuiya, na kila jumuiya iandike idadi ya wagonjwa wake waliokosa dawa katika miezi mitatu iliyopita. Orodha hiyo ndiyo tutakayoanza nayo tunapozungumza na wafadhili.